Faili la Makosa

Katika hazina ya msimbo ya programu moja ndogo ya kukagua tahajia limo faili ambalo watumiaji wa programu hiyo hawalioni kamwe. Ni faili la majaribio. Maneno yamepangwa humo moja kwa kila mstari, bila maelezo yoyote, na kazi ya faili ni moja tu: kila neno lililomo sharti programu ilikatae. Siku programu itakapolikubali hata moja, jaribio litaanguka, na mchango wa msimbo uliosababisha anguko hilo hautapokewa. Humo, baada ya "kitbau" na "kuandkia", yapo maneno "mutoto", "batu", "muzuri" na "bazima". Aliyeyaweka ni mwanamke wa Bukavu aishiye Durban, na aliyachuma katika ujumbe wa simu wa mama yake mzazi.

Alifika Durban akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, kwa mabasi na malori, kupitia Kigoma, Mbeya, Malawi na Msumbiji. Alipanga chumba karibu na bandari, pembeni mwa barabara ambayo wenyeji wangali wakiiita Point Road ingawa vibao vyake husema Mahatma Gandhi Road. Huko Kiswahili husikika kila baada ya hatua chache. Ni lugha ya kijana alindaye magari akiwa amevaa kizibao cha rangi ya kung'aa, ya msusi, ya kinyozi, ya baharia aliyeachwa na meli na ambaye husema kila mwaka kwamba ataondoka mwaka ujao. Yeye alipata kazi katika duka la kurudufu na kuchapa. Kwa Kiingereza alichapa hati za kiapo na barua za kuombea kazi. Kwa Kiswahili alichapa mambo ya nyumbani, yaani matangazo ya misiba, ratiba za ibada, katiba za vyama vya kuzikana na kadi za michango ya arusi. Kadi hizo ndizo zilizomwingiza katika habari ya tahajia. Kuna furushi zima lililorudishwa kwa sababu ya herufi moja, na fidia yake ikatoka katika ujira wake wa juma lile.

Kiswahili kina umri mkubwa Durban kuliko wanavyodhani wengi wanaokisikia Point. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walileta Natal watu mia kadhaa waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, wakawafanya vibarua. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walikuwa wamepitishwa Zanzibar waliandikwa Wazanzibari, na jina likawaganda. Wazao wao walikaa King's Rest, katika Bluff, mpaka sheria ya kutenga makazi kwa rangi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960, baada ya serikali ya ubaguzi kuwaandikisha katika kundi la "Waasia Wengine". Jina la kwanza lilikosea nchi. La pili likakosea bara. Mwanamke huyu aliyasikia hayo Aprili 2015, wakati mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Isipingo yalipowafukuza watu majumbani mwao, naye akajikuta katika mahema kwenye uwanja wa michezo wa Chatsworth. Mzee mmoja wa jamii hiyo alikuja na sufuria la wali. Alimsalimu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimakua, akamwita "binti", na alipokwisha kugawa chakula akakaa kumsimulia jinsi watu wa kwao walivyopewa majina na makarani.

Yeye mwenyewe alikuwa na kisa chake na makarani. Katika hati yake ya ukimbizi jina la ukoo lilikuwa limepungukiwa herufi moja na kuongezwa nyingine. Alipoomba lirekebishwe aliambiwa arudi siku nyingine. Aliporudi alikuta foleni iliyoanza alfajiri. Mara ya tatu aliulizwa ana hati gani ya kuthibitisha kwamba jina lake si hilo lililo kwenye hati. Akaacha. Benki, shule ya mtoto wake na laini yake ya simu vyote vikafuata hati. Kwa hiyo kwa miaka mingi ameitika jina ambalo mama yake hawezi kulisoma bila kusita.

Kompyuta ya duka ilikuwa kuukuu, na mwenye duka, mtu mbahili lakini mwenye akili, aliiwekea Ubuntu kwa sababu haikumgharimu chochote. Jina hilo halikuwa geni kwake. Ni neno la Kizulu lililo ndugu wa "utu", na mfumo wenyewe ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini. Ila dirisha jeusi la amri lilikuwa geni kabisa. Alilifungua kwa mara ya kwanza kwa sababu mashine ya kuchapa ilikwama na mtu aliyekuja kuitengeneza aliandika mistari mitatu humo, ikakwamuka. Mtu aliyezoea kupanga foleni mbele ya madirisha mengine huenda ndiye anayefahamu vyema zaidi mvuto wa dirisha hili, ambalo huuliza swali moja tu na hujibu papo hapo, hata kama jibu ni kwamba umekosea.

Baada ya miezi kadhaa aligundua kwamba ziko programu za kukagua tahajia zinazofanya kazi humo, bila vitufe wala picha. Unaipa programu faili, nayo hukutolea orodha ya maneno yenye shaka. Moja kati ya hizo, programu huria iliyoandikwa na watu wasiozidi idadi ya vidole vya mikono miwili, wengi wao wasiopata kuonana, iliweza kusoma kamusi ya Kiswahili. Akaanza kupitisha humo kila kadi kabla haijachapwa.

Kuipata programu hiyo hakukuwa jambo la dakika. Watu wa Durban wanakikumbuka kisa cha Winston, njiwa ambaye Septemba 2009 kampuni moja ya huko ilimfunga kadi ya kumbukumbu mguuni ikamrusha kutoka Howick hadi Hillcrest, mwendo wa kilomita 80 hivi. Aliruka kwa saa moja na dakika nane. Kadi ilipokwisha kunakiliwa, zilikuwa zimepita saa mbili na dakika saba tangu aondoke, na kwa muda huohuo mtandao wa simu ulikuwa umepitisha asilimia nne tu ya data zilezile. Ajabu ni kwamba Julai ya mwaka huo mkongo wa SEACOM ulikuwa umekwisha kuzinduliwa, ukiunganisha Mtunzini, kaskazini mwa Durban, na Maputo, Dar es Salaam na Mombasa. Miaka kumi na zaidi baadaye uzi ulikuwepo chini ya bahari na kasi ilikuwepo, ila bando lilikuwa la bei, na mwenye mshahara wa kuchapa kadi alikuwa bado njiwa wa nafsi yake: alibeba flashi hadi maktaba ya manispaa, akapakua, akarudi nayo kwa miguu.

Mchango wake wa kwanza ulitokana na neno "ng'ambo". Programu ilikuwa ikilikata vipande viwili na kulalamikia kile cha kwanza. Ilifanya hivyo kwa baadhi ya kadi na kuziacha nyingine, na usiku mzima ulipita kabla hajaitambua sababu. Alama ya ritifaa ina sura zaidi ya moja katika kompyuta. Ipo ile iliyonyooka ya kibodi ya kawaida, yenye namba U+0027 katika Unicode, na ipo iliyopinda, U+2019, ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuulizwa. Kwa jicho la msomaji ni kitu kimoja. Kwa programu ile, ya kwanza ilikuwa sehemu ya neno, na ya pili ilikuwa mwisho wa nukuu. Basi kila aliyeleta kadi yake kwa simu alileta ng'ombe waliochinjwa kabla ya arusi.

Kutambua kosa ni jambo moja na kulirekebisha katika msimbo wa watu ni jambo jingine. Alihitaji kwanza kuijenga programu kutoka katika msimbo wake, na ujenzi huo uligoma mara nyingi kwa sababu ya maktaba za msimbo zilizokosekana, ambazo nazo zilihitaji nyingine. Ilikuwa mwaka 2023, mgao wa umeme ukiwa mkali kuliko wakati wowote, na mara mbili ujenzi ulikatika katikati pamoja na taa za mtaa. Ulipofanikiwa, alitii jambo aliloliona katika maelekezo ya mradi: kabla ya kurekebisha, andika jaribio linaloanguka. Akaandika faili lenye ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, kwa ritifaa zote mbili. Akaendesha majaribio, likaanguka kama ilivyotakiwa. Akabadilisha mistari michache, akaendesha tena, likasimama. Mtu aliyewahi kupika chapati akaona ya kwanza ikifura ataijua furaha ile bila kuelezwa.

Haukupokewa papo hapo. Mtunzaji wa mradi alimwambia kwa adabu kwamba amegusa mahali pengi mno, apunguze. Alipopunguza, mashine ya mbali inayojaribu kila mchango katika mifumo mitatu ya kompyuta iliukataa katika mfumo wa Windows, kwa sababu huko mwisho wa mstari huandikwa kwa alama mbili na kwingine kwa moja, na faili lake la majaribio halikuwa limelijali hilo. Majuma matatu yakapita hivyo. Kisha ukaunganishwa.

Kabla ya kuunganishwa alitakiwa kutia saini. Miradi mingi ya programu huria imeiga utaratibu ulioanzishwa na watengenezaji wa Linux mwaka 2004, ambapo mchangiaji huongeza mstari unaothibitisha kwamba kazi ni yake au ana haki ya kuitoa, na chini yake huweka jina. Mradi huu ulidai jina halisi. Alikaa mbele ya neno hilo, "halisi", kwa muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya ritifaa. Halafu akaandika jina la kwenye hati, kwa kuwa ndilo ambalo angeweza kulithibitisha kama angeulizwa.

Tangu hapo alizama. Alijifunza kwamba programu za namna hii ni za ukoo mmoja mrefu. Ya kwanza, ispell, ilianza Stanford mwaka 1971. Baadaye ikaja MySpell. Na kutoka kwayo ikazaliwa Hunspell, aliyoiunda László Németh kwa ajili ya Kihangari, na ambayo leo imo ndani ya LibreOffice na Firefox. Kihangari ni lugha ya viambishi vingi, na kwa hiyo mtu angetarajia kwamba Kiswahili kingestarehe katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Lakini viambishi vya Kihangari hupangwa zaidi mwishoni mwa neno. Hunspell hujua kuondoa tabaka mbili za viambishi tamati na tabaka moja ya viambishi awali. Ipo amri ya kugeuza mpango huo, ziwe awali mbili na tamati moja, na hapo ndipo mwisho wake. Sasa chukua "hawatamwandikia". Kabla ya kufika kwenye mzizi "andik" umeshapita ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati na mtendwa, vitu vinne; na nyuma ya mzizi ipo kauli ya kutendea na kiishio. Nyumba ya Kihangari ina mlango mpana upande wa nyuma, na mgeni huyu anaingia kwa mbele akiwa na mizigo yote kichwani.

Dawa yake ni ya kibarua: viambishi huunganishwa mapema vikawa mafungu, na kila fungu likaandikwa katika jedwali kana kwamba ni kiambishi kimoja. Nafsi sita, mara alama tano za wakati, mara watendwa sita pamoja na hali ya kutokuwa na mtendwa, ni mafungu 210, hata kabla hujaingiza ngeli zisizo za watu, ukanushi na virejeshi, na hata kama utaondoa yale yasiyo na maana. Kazi hiyo waliifanya watu, wakiwa na lugha yao mikononi na bila malipo ya kutajwa. Kamusi ya Kiswahili iliyomo katika makusanyo ya LibreOffice hubeba alama sw_TZ, Kiswahili cha Tanzania, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulikuwa umekwisha kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili kufikia mwisho wa mwaka 2004. Aliyeketi usiku katika chumba cha Point akirekebisha safu ya jedwali alikuwa akiongeza tofali juu ya ukuta wa wengine.

Kikaguzi hupimwa kwa mambo mawili. Je, kinayaacha maneno yaliyo sahihi? Je, kinayakamata yaliyokosewa? Kwa desturi iliyorithiwa kutoka Hunspell, kila jaribio lina mafaili mawili ya maneno, moja likiitwa kwa Kiingereza zuri na jingine kosa. Faili la mazuri ni rahisi kulijaza. La makosa ni gumu, kwa sababu makosa ya kubuni huwa ya kijinga. Hakuna mtu anayeandika "xtoto". Mtunzaji wa mradi aliomba makosa ya kweli, yaliyofanywa na watu wa kweli. Mwanamke huyu akafikiri kidogo, akafungua simu yake.

Mama yake huandika kama wanavyosema Bukavu. Watu ni "batu", watoto ni "batoto", mtoto ni "mutoto", mwezi wa Agosti ni "mwezi ya munane", na ng'ombe huandikwa bila ritifaa, jambo ambalo bintiye alicheka peke yake alipoliona. Alinakili maneno hayo kwa makini. Hakuwa na dharau moyoni. Ni kwamba miaka ya kadi zilizorudishwa ilikuwa imemfundisha kuyaona maneno ya kwao kwa jicho la mteja mkali, na alijua kwa uhakika kwamba mchungaji aliyemrudishia kadi angeyarudisha haya pia. Mtunzaji alifurahi. Aliandika kwamba haya ndiyo makosa yenye thamani, kwa kuwa yana utaratibu. Neno hilo, utaratibu, lingepaswa kumshtua wakati ule. Makosa ya kuteleza kwa vidole hayana utaratibu.

Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, majuma machache baada ya kuichukua Goma. Kwa siku mbili simu ya mama haikupatikana. Siku ya tatu, asubuhi, binti akiwa dukani, ulifika ujumbe: "Tuko bazima, mutoto wangu. Batu banapita, banaenda. Usilie." Aliusoma amesimama. Mchana aliunakili katika kompyuta ili auchapishe auweke ukutani. Kwa mazoea ya mikono kuliko kwa nia, alipitisha faili katika programu kabla ya kuchapisha, na dirisha jeusi likamrudishia orodha: bazima, mutoto, batu, banapita, banaenda. Lilikuwa limefanya kazi yake barabara. Yeye ndiye aliyelifunga kwa jaribio ili lisije kuiacha kazi hiyo kamwe.

Aliandika kwa mradi siku ileile, akaomba maneno yale yaondolewe katika faili la makosa na "ba-" iongezwe katika jedwali kando ya "wa-". Aliyemjibu alikuwa Mtanzania, mwalimu wa chuo aishiye Ulaya, mmoja wa wachangiaji wa zamani. Alimwita dada. Alimpa pole ya Bukavu kwanza, kwa maneno mengi na ya kweli, kisha akasema hapana. Mstari mmoja katika jedwali huzaa makumi ya maumbo kwa kila mzizi; ukiiruhusu "mu-" mahali pa "m-" mwanafunzi wa Morogoro ataandika "mutu" katika insha yake na programu itanyamaza. Kamusi hii ni ya Kiswahili sanifu, na sanifu ina mipaka yake. Kama anataka, na aanzishe kamusi nyingine; hata msimbo upo.

Ni kweli upo. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili ni kapu lenye vitu viwili: swh, kile cha pwani na cha vitabuni, na swc, Kiswahili cha Kongo. Mwalimu alikuwa na hoja, na aliyeandika hapa haoni namna ya kuivunja kwa upande wa ufundi. Lakini hoja hiyo ina historia inayofaa kukumbukwa. Usanifu uliotokana na lahaja ya Unguja uliamuliwa Mombasa mwaka 1928, ukakabidhiwa kamati ya makoloni manne yaliyotawaliwa na Waingereza, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji. Haikuitwa mezani, na kwa hiyo "batu" haikushindwa katika mashindano yoyote, haikuwepo. Leo Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu mwaka 2022, na Kiswahili ni moja ya lugha zake nne za taifa. Mwaka 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi wa Afrika Kusini, Angie Motshekga, alipotangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kuwa somo la hiari mashuleni, hakuna aliyeuliza ni Kiswahili gani, wala Durban, ambako kinachosikika zaidi mitaani huenda ni kile cha Kivu.

Tena hapo Durban kuna ushahidi mwingine, unaopita masikioni kila siku. Kizulu husema "abantu" na "abantwana". Mwanamke huyu alipoingia mjini, neno la kwanza la Kizulu alilolielewa bila kufundishwa lilikuwa hilo, kwa sababu ya ile "ba". Sikio la Dar es Salaam lingehitaji kufikiri. La Bukavu lilifika nyumbani. Na katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, mwendo wa teksi kutoka Point, wataalamu walitoa mwaka 2016 kikaguzi cha tahajia ya Kizulu ambacho hakitumii jedwali la viambishi hata kidogo. Hutazama herufi tatutatu katika maandishi mengi yaliyokusanywa, na neno lenye mfuatano usiowahi kuonekana hulitilia shaka. Waliokiunda walionyesha kwamba ubora wake hutegemea maandishi kilikofundishiwa, yawe ya Biblia au ya magazeti. Kikaguzi cha aina hiyo hakiulizi sanifu ni ipi. Huuliza ni nani aliyeandika.

Mwishowe alikubali kuanzisha kamusi ya pili. Hakukubali kwa moyo mweupe. Alijua kwamba kadi anazozichapa huchanganya vyote viwili katika sentensi moja, na kwamba mwenye kamusi mbili hulazimika kuchagua kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Alidai sharti moja, nalo lilikubaliwa: maneno yale yatoke katika faili la makosa la kamusi ya zamani, yasiwe kokote, ili programu ikiyakataa iyakatae kwa kutoyajua tu. Alitumia nafasi hiyo kumaliza jambo jingine. Katika Git jina la mchangiaji huingia katika hesabu inayozaa utambulisho wa kila badiliko, na huwezi kulifuta bila kubadilisha utambulisho wa yote yaliyofuata. Lakini lipo faili dogo liitwalo .mailmap, ambalo kila mstari wake husema: palipoandikwa jina hili, onyesha lile. Aliongeza mstari mmoja. Mtunzaji hakuuliza hati.

Kilichobaki kilikuwa faili la mazuri la kamusi mpya. Mradi uliomba maneno yatakayotoka kwa mtu mwingine, si kwa mchangiaji pekee, na hilo ni ombi la haki. Akampigia mama. Alimweleza kwamba kuna mashine inayotaka kujifunza Kiswahili cha Bukavu, na kwamba amwandikie maneno na sentensi, zozote zile, kama anavyoongea. Mama alicheka, akasema ataandika usiku.

Asubuhi ulifika ujumbe mrefu, umeandikwa kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kupewa zawadi ya mwandiko katika shule ya misheni. Mna watu na watoto. Mna mtu mzuri. Mna ng'ombe, mwenye ritifaa yake. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba wote nyumbani ni wazima, na kwamba ameandika vizuri ili mwanawe asiaibike mbele ya hao wenye mashine.

Binti alirudi katika ujumbe wa Februari.